Mtoto na katuni za wanyama: kaa naye, muulize, kisha waigize

Wazazi wenzangu huniuliza mara kwa mara katuni ipi inafaa kwa mtoto wa miaka 3 au 4, nami huwauliza kwanza: ataiangalia na nani? Nimelea wawili hapa Dar es Salaam, na sebule yetu haikosi watoto wa majirani, na likizo zikifika wanaongezeka watoto wa ndugu. Nimeona katuni ileile ikimsaidia mmoja kuomba radhi kwa mwenzake, huku mwingine akiondoka na mngurumo wa simba tu. Aliyepata kitu karibu kila mara ni yule aliyekuwa na mtu mzima pembeni yake wa kuzungumza naye.

Katuni ninazozisema ni zile za wanyama wachanga wanaokua pamoja: wananyang'anyana mpira, wanaogopa giza, wananuniana, mwisho wanapatana. Hapa kwetu wengi tunaijua Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Akili ni binti wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akipitiwa na usingizi huingia Lala Land, na huko anajifunza herufi, namba na kuchora pamoja na marafiki zake wanyama, wakiwamo simba mdogo, kiboko na komba. Naipenda kwa sababu mtoto anasikia Kiswahili anachokiongea nyumbani na anaona mlima wa nchini kwake. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watoto wa chekechea walioiangalia na wenzao walioangalia vipindi vingine, na walioiangalia walifanya vizuri zaidi katika kuchora, kutambua maumbo na namba, na kuhesabu.

Kuhesabu, hata hivyo, ni jambo moja, na kumpisha mwenzako kwenye bembea ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo wazazi tunapojidanganya. Tunaona kiboko amegawana chakula na rafiki yake, tunadhani mtoto wetu naye ameshajifunza kugawana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana vitu. Kundi moja lilisomewa hadithi ya wanyama, jingine hadithi hiyohiyo wanyama wakiwa wamebadilishwa kuwa watu. Baadaye watoto walipewa stika na nafasi ya kuwagawia wenzao. Waliosikia hadithi ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo, lakini waliosikia ya wanyama hawakuongeza. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2008 ulitumia kipindi cha Clifford, mbwa mkubwa mwekundu, ambamo yeye na rafiki zake wanakutana na mbwa mwenye miguu mitatu. Waandaaji walitaka kufundisha kutowabagua wenye ulemavu. Watoto wengi wa chekechea walipoulizwa wamejifunza nini, walizungumzia mbwa: tuwe wema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Kumfikia binadamu mwenzao darasani hawakufika.

Mimi sikushangaa. Mtoto wa miaka 4 anajua vizuri kwamba kiboko hasemi. Yaliyompata kiboko ni ya kiboko.

Hata hivyo sijaacha katuni za wanyama wala sikushauri uziache, kwa sababu mnyama ana faida moja ambayo sijaiona kwingine. Mtoto aliyempiga mwenzake hapendi kuulizwa kwa nini amepiga. Anainamisha kichwa, anakuwa bubu. Muulize kwa nini simba mdogo kampiga rafiki yake, utasikia kila kitu: kwa sababu kanyang'anywa, kwa sababu kacheka, kwa sababu mama yake kambeba mdogo wake tu. Mtoto wangu mdogo alinieleza wivu wake wote kupitia mnyama wa katuni, wakati hajawa na neno la kuutaja. Nilimpa neno: huo ni wivu, na kila mtu huupata. Tangu hapo akaweza kuniambia, "Mama, nina wivu," badala ya kumfinya dada yake.

Bibi zetu walilijua hili bila utafiti. Sungura wa ngano hakuwa mfano wa tabia njema hata kidogo, alimlaghai fisi, akala mali ya watu, na bado tulilelewa naye vizuri. Bibi akisema "Paukwa!" ilikuwa lazima tujibu "Pakawa!", na katikati ya hadithi alisimama akatuuliza: haya, nyinyi mngefanyaje? Hadithi ilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Televisheni haisubiri jibu lako, na hata kile kipindi kinachonyamaza kidogo ili mtoto ajibu hakiwezi kusikia alichojibu.

Kuna ushahidi wa upande huu pia. Daniel Tiger's Neighborhood ni katuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2012, na mhusika wake mkuu ni mtoto wa chui milia mwenye miaka 4 anayejifunza mambo ya kila siku pamoja na rafiki zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba watoto walioiangalia waliongezeka huruma kwa wenzao na kujiamini, lakini hasa wale ambao wazazi wao walikuwa na kawaida ya kuzungumza nao kuhusu wanayoyaona kwenye televisheni.

Kwa hiyo, mama au baba unayesoma, anza kwa kuangalia kipindi peke yako kabla ya mtoto. Tazama ugomvi unachukua muda gani na kupatana kunachukua muda gani. Vipindi vingi hutumia karibu muda wote kwenye kunyang'anyana na kudhihakiana, kisha sekunde chache za mwisho kila mtu anakumbatiana. Hivyo mimi naviacha, kwa kuwa mtoto anaigiza alichokiona kwa wingi. Nachagua kile ambacho kosa linaisha mapema na tunaonyeshwa hatua kwa hatua namna ya kulirekebisha.

Chagua kipindi kimoja na ukirudie. Watoto hawachoki kurudia kama sisi, na mara ya tatu au ya nne ndipo wanaanza kuuliza maswali ya maana. Kama bando linakusumbua, pakua kile kimoja tu ukihifadhi kwenye simu. Shika rimoti, simamisha pale ugomvi unapopamba moto, uliza: komba anajisikiaje sasa? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kisha usiache swali hewani. Lilete nyumbani kwa jina: "Unakumbuka jana wewe na dada mligombea baiskeli?" Daraja kutoka kwa kiboko kwenda kwa mtoto unalijenga wewe, kwa sentensi hiyo moja.

Zima, watoke nje waigize. Hapa watoto wa majirani ni hazina. Gawa nafasi, na anayependa kunyang'anya mpe nafasi ya aliyenyang'anywa. Nimemwona mtoto mbabe wa mtaa wetu akitoa machozi ya kweli kwenye mchezo huo, kisha akawa wa kwanza kusema "zamu yako." Tuna wimbo wetu mfupi tuliojitungia, zamu yako, zamu yangu, nao unafanya kazi kwenye foleni ya kliniki na kwenye daladala kuliko karipio lolote.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na chini ya hapo ni bora zaidi, na aliye chini ya miaka 2 asiwekewe kabisa. Wakati wa kula sisi hatuwashi. Mwambie kabla ya kuanza kwamba ni kipindi kimoja, na kikiisha mpe yeye azime. Anayezima mwenyewe halii sana.

Na kwa babu zetu vijijini, au nyumba isiyo na televisheni, hakuna kinachokosekana. Tunga: kiboko na komba wameokota embe moja. Simama hapo, mwachie mtoto aamue. Wakiwa wawili watabishana kwa hakika, mmoja atataka kiboko apate zaidi kwa kuwa ana tumbo kubwa, mwingine atasema komba ndiye aliyeliona kwanza. Usiharakishe kuwaamulia. Waulize komba anajisikiaje, uwaache waendelee.