Nimepandisha Debian, seva imeanza kukwama

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina duka la stationery na seva ndogo ya kuhifadhia kazi za wateja. Nimeipandisha mfumo wake wa Debian (aina ya Linux) kutoka toleo la 11 kwenda 12. Tangu hapo, tukinakili faili kubwa kati ya seva na kompyuta ya kaunta, mtandao unakwama, kisha unarudi wenyewe. Dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo) inaonyesha: "NETDEV WATCHDOG: enp2s0 (r8169): transmit queue 0 timed out". Kijana wetu ameshabadilisha waya na swichi, sasa anataka tuwapigie watoa huduma wa intaneti. Nifanyeje?
Mwenye duka, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Watoa huduma waacheni wapumzike. Mstari huo unasema draiva ya r8169 (programu inayoendesha kadi ya mtandao ya Realtek) imeikabidhi kadi pakiti za kutuma, ikangoja, na kadi haikuleta taarifa kwamba zimetoka. Faili zenyewe zinasafiri humo humo dukani. Intaneti inaingiaje hapo?

Debian 11 ilikuja na kerneli (kiini cha mfumo, ndimo draiva zilimo) 5.10, na 12 ina 6.1. Kwa kawaida ile ya zamani bado imo kwenye diski, ilimradi hamjaendesha apt autoremove, amri ya kufuta vifurushi visivyohitajika tena (msiiendeshe kwa sasa). Washa seva upya, kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea seva ikiwaka) ingia "Advanced options", chagua 5.10, unakili faili lile lile. Usiguse kingine chochote. Ikikwama vile vile, rudini kwenye vifaa. Ikipita salama, mtuhumiwa ni kerneli. Mtuhumiwa, sijasema mkosaji: mwaka 2004, kerneli 2.6.8 ilipobadilisha upanuzi wa dirisha la TCP (kiasi cha data kinachoweza kutumwa kabla ya kungoja jibu), baadhi ya tovuti zilikwama, kumbe rauta za njiani ndizo zilizokuwa zikiifuta namba ya upanuzi.

Sasa rudi 6.1. Kwenye GRUB bonyeza e, na mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza pcie_aspm=off. Hiyo inazuia kerneli kuilaza njia ya PCIe (inayounganisha kadi na ubao mkuu) ili kubana umeme, na kadi za Realtek zina ugomvi wa siku nyingi na usingizi huo. Ukipona hapo, weka neno hilo kwenye /etc/default/grub, endesha update-grub, duka liendelee.

Usipopona, tafuta toleo lililoleta balaa. Vifurushi vya kerneli za katikati vipo snapshot.debian.org: jaribu la kati; likikwama tafuta kabla yake, likipita tafuta baada yake, kisha gawanya tena. Ukishabaki na matoleo mawili yanayofuatana, git bisect, zana ya kupekua historia ya msimbo wa kerneli, inafanya mgawanyo huo huo kwa badiliko moja moja. Hata mabadiliko yakiwa 16,000, ni majaribio 14 hivi.

Wengi hupotelea hapa. Hitilafu yako huja na kuondoka. Kerneli ikikwama, hukumu ni ya papo hapo: mbovu, ushahidi upo kwenye dmesg. Lakini "nzima" haitamkwi kwa kunakili faili moja. Kama kawaida inakwama ndani ya nusu saa, ipige mzigo kwa iperf3 (programu ya kujaza mtandao data ya majaribio) saa mbili, data ikienda na ikirudi. "Nzima" moja ya uongo inakutupa kwenye nusu ambayo balaa haimo, na kila jaribio linalofuata ni kazi bure.

Ukilipata badiliko lenyewe, nitumie namba yake, dmesg za kerneli zote mbili na majibu ya lspci -nn (amri inayoorodhesha kadi za seva). Hadi hapo wateja wahudumiwe kwa 5.10.