Naogopa Kuacha Kazi Nimtumikie Mungu: Je, Imani Yangu Ni Haba?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Padri. Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja Nungwi, mwaka wa tisa sasa. Nina mke na watoto watatu. Wazee wa kanisa wameniomba niende Pemba kuwa mwinjilisti, na moyoni najua ni Mungu ananiita. Lakini naogopa, hata usingizi sipati. Kwenye semina mhubiri alisema anayeogopa hana imani, kwamba tujitupe tu na Mungu atatudaka. Nimeandika barua ya kuacha kazi, ipo kwenye droo. Mke wangu bado sijamwambia, nisije nikamvunja moyo. Nifanye nini?

JIBU: Milele na milele asifiwe, mwanangu.

Nianze na huyo mhubiri, maana amekutwisha mzigo usio wako. Kuogopa si dhambi. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi", na hao ndio aliowazaa katika Injili. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alifadhaika na kuhangaika, akaomba kikombe kimwondokee. Nani atasema hakuwa na imani? Daudi naye hakungoja hofu iishe ndipo aombe: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku ile ile, hofu ikiwa bado ipo.

Na kule "kujitupa tu", mwanangu, ndiko Shetani alikomshawishi Yesu juu ya kinara cha hekalu. Unajua alivyojibiwa: "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Msome Nehemia, sura mbili za mwanzo, polepole. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, ana kazi nzuri kama wewe. Habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu, alioutaka kuujenga upya, zilimfikia mwezi wa Kisleu. Kwa mfalme alisema mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya kufunga na kuomba. Siku ilipofika, anakiri mwenyewe kwamba aliogopa sana. Akaomba kimoyomoyo palepale mbele ya mfalme, kisha akafungua kinywa. Na tazama alichoomba: ruhusa, kwa muda alioutaja, barua kwa maliwali, ili apite salama, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti. Mtu anayetetemeka, na bado amekwisha kupiga hesabu ya boriti! Sioni upungufu wa imani hapo. Naona mtu aliyeamini kwamba kweli atajenga.

Wewe unakaa Nungwi, umewaona mafundi wa majahazi pale ufukweni wakikalafati: pamba iliyolowekwa mafuta, patasi na nyundo, ufa kwa ufa, siku nzima chombo kimelala mchangani. Hakuna anayemwambia fundi yule kwamba anaiogopa bahari. Anaziba kwa sababu chombo kitashuka majini.

Sasa ufa wako uko wapi? Si hofu. Ni ile sentensi uliyoipitisha haraka: mke hajaambiwa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa nakupenda. Kuhatarisha mshahara wako kwa ajili ya Kristo ni sadaka. Kuhatarisha ada za watoto na chakula cha mwenzio bila yeye kujua, hiyo si sadaka yako, umeitoa mfukoni mwake. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Na huenda unachoogopa zaidi si Pemba, ni uso wa mkeo utakapomwambia. Huo ndio ujasiri wa kwanza unaodaiwa.

Usidhani nakuzuia. Kanisa letu hapa limejengwa na watu waliothubutu. Pale Mkunazini, mjini Zanzibar, soko la watumwa lilipofungwa 1873, ndipo kanisa kuu liliposimamishwa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa na akasoma Kiungani, shule ya misheni hapa Unguja, mtu mwenye familia, alikubali kwenda Chitangali, mbali kusini bara, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Ukiitwa kweli, nenda, hata magoti yakigongana.

Ila leo usiku, watoto wakishalala, itoe barua kwenye droo umsomee mkeo. Akilia, mwache alie. Akiuliza posho ni kiasi gani, mtakaa wapi, watoto watasoma wapi, hayo ni maswali ya Nehemia. Yapelekeni pamoja kwa wazee, nao wawajibu kwa maandishi. Kisha ombeni likizo ya wiki moja, mvuke wote wawili mkaone. Waumini wetu kule ni wachache, majirani zenu watakuwa Waislamu. Wasalimieni, kaeni nao barazani, msikilize kabla ya kuhubiri.

Mkipata tarehe ya boti niarifu. Ninao wazee wawili kule, mtu na mkewe, nitawaomba waje kuwapokea bandarini Mkoani.