Muulize Mwalimu: Kifaa bora hakitasaidia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, Tanga. Nimesoma kwamba katika fizikia ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo kabisa, kama elektroni na mwanga) kuna vipimo viwili ambavyo ukikipata kimoja kwa uhakika, kingine hukipati. Kaka yangu ni fundi redio. Anasema hiyo ni shida ya vifaa duni tu. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Kaka yako ameteleza, ila hakuteleza peke yake. Mwanafizikia Heisenberg mwenyewe, aliyelitangaza jambo hili mwaka 1927, alieleza jambo hili kana kwamba ni kusukumana tu: ukiimulika elektroni uione, mwanga unaipiga kikumbo. Mwanafizikia mwenzake, Bohr, akambana kwa maelezo hayo.

Tuziache elektroni. Kwa fundi hakukosekani kikokotoo kibovu. Juu ya kioo chake pamebandikwa plastiki nyembamba ya kijivu. Ibandue taratibu (gundi yake ni king'ang'anizi, futa kwa spiriti), ikate vipande vitatu. Shika viwili, kimoja mbele ya kingine, utazame dirishani huku ukizungusha kimoja. Kwenye nyuzi 90 giza linaingia: cha kwanza kinapitisha mwanga unaotetema, tuseme, wima, cha pili kinataka wa mlalo, nao haupo. Sasa chomeka cha tatu katikati, kwa mshazari wa nyuzi 45. Dirisha hilo linaonekana tena! Umeongeza kizuizi, na mwanga umeongezeka.

Kaka atadai kwamba hilo hata mawimbi ya kawaida yanalieleza. Kweli kabisa. Ugumu unaanza mwanga unapopunguzwa hadi fotoni (chembe ya mwanga) moja moja, maana fotoni haikatiki vipande: inapita au inanaswa. Iliyopita kwenye kichujio (yaani kipande kama kile cha plastiki) cha wima, ipime wima tena, itapita kila mara. Ipime mshazari, basi ni kurusha shilingi: nusu zinapita, nusu zinanaswa. Na zile zilizopita mshazari, ukizirudisha kwenye wima, hazina tena jibu lao la mwanzo. Nusu tu ndizo zitakazopita. Wima na mshazari, basi, ni vipimo viwili vya aina uliyoisoma: ukikipata kimoja, kingine kinapotea.

Hapa ndipo hoja ya vifaa duni inapokwama. Plastiki ya kikokotoo ina kasoro, kwa hiyo hesabu zako hazitatoka sawasawa. Nunua kichujio cha maabara, cha bei mbaya, na nusu yako itazidi kuikaribia nusu kamili. Ubora wa kifaa unaithibitisha bahati nasibu hiyo, hauiondoi.

Mwaka 1984 wanasayansi Bennett na Brassard waliligeuza jambo hili kuwa mtego wa wadukuzi. Mtumaji anatuma fotoni za wima, mlalo au mshazari bila mpangilio. Mdukuzi hajui achague kipimo kipi, cha wima na mlalo au cha mshazari. Akizipima zote njiani kwa kubahatisha, kisha akatuma nyingine badala yake, basi hata pale mtumaji na mpokeaji walipotumia kipimo kilekile, takribani jibu 1 kati ya 4 litakuwa limeharibika. Wakilinganisha sehemu ya majibu yao, wanamnasa.