Kabla hujachuma jani la mtama

Mvua zikikaribia hapa Dodoma, wanafunzi wa shahada ya pili huanza kuniuliza mashine gani inafaa kupimia RNA ndogo za mimea. Mimi huwauliza kwanza: mdogo wangu, mtama wako utakuwa na majani mangapi siku ya kuchuma?

RNA ni nakala ya maagizo ya jeni; hizi ndogo ni vipande vya nyukliotidi (yaani herufi za RNA) 21 hadi 24 hivi, na havitengenezi protini. Kipande hubebwa na protini kama AGO1, kikikutana na RNA ndefu inayooana nacho, ile ndefu hukatwa au huzuiwa kusomwa. Jeni imenakiliwa vizuri tu, ila protini yake huioni. Watafiti Hamilton na Baulcombe walivionyesha kwenye mimea mwaka 1999, kule Uingereza.

Sasa sikiliza. RNA ndogo iitwayo miR156 hujaa kwenye mche mchanga, kisha hupungua mmea unapokua. Nyingine, miR172, huenda kinyume. Ukame nao hudumaza mmea, ukabaki mchanga. Kwa hiyo ukilinganisha mtama ulionyimwa maji na uliomwagiliwa, wa tarehe moja ya kupanda, huenda unapima mtoto na mtu mzima huku tasnifu inasema umeona athari ya ukame. Dawa yake ni kuwa na makundi mawili ya mtama wenye maji: moja la tarehe ile ile, jingine lenye idadi ile ile ya majani yaliyofunguka. Msimamizi atalalamikia gharama. Mwache alalamike.

Siku ya kuchuma usimalize kwanza tuta lenye maji ndipo uhamie kavu. Jua la Hombolo la saa nne si la saa sita, na mmea unalijua hilo kuliko wewe. Chuma kwa kupishanisha, mche wa huku, mche wa kule, jani la nafasi ile ile.

Maabara, soma karatasi iliyomo kwenye boksi la vifaa vya kutolea RNA. Kolamu (vijibomba vya kunasia RNA) nyingi za kawaida hushika RNA zinazozidi nyukliotidi 200, ndogo zote zinaishia kwenye maji ya kumwaga. Tafuta utaratibu unaoongeza ethanoli nyingi zaidi kabla ya kolamu. Mnaofanyia kazi zabibu, ongezeni mapema PVP, kemikali inayonasa polifenoli za majani, la sivyo mtapata uji wa kahawia.

Na kama naitrojeni ya kimiminika haijapatikana, tumia dawa ya kuhifadhia RNA, lakini katakata jani vipande vyembamba kwanza. Jani la mtama lina nta. Likitumbukizwa zima, dawa inachelewa kuingia.