Kadi ya grafiki inayochemka: pima kwanza, kisha ndipo uifungue

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kadi yako ya GTX 1060 inafika nyuzijoto 88 ndani ya dakika kumi za kuhariri video, feni zinavuma kwa nguvu, na fundi amekushauri uiweke kwenye oveni. Nakuomba sana usifanye hivyo. Wanaotumia oveni hutarajia kuyeyusha upya lehemu, ile metali inayounganisha chipu na bodi, wakidhani imeachia. Lehemu isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, na oveni ya jikoni itaharibu plastiki na kapasita bila kugusa kiini cha tatizo, kwa kuwa kadi inayofanya kazi na kupunguza kasi tu ikipata joto huenda haina lehemu iliyoachia. Ina joto lisilopata pa kutokea.

Kadi hiyo ina kikomo cha nyuzi 94, lakini huanza kujipunguzia kasi mapema zaidi, inapokaribia nyuzi 83, na ndiyo maana video zako zinachelewa kukamilika. Yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilikuwa ikifika nyuzi 87 katika chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar es Salaam.

Kabla ya kushika bisibisi, fungua ubavu wa kasha la kompyuta, rudia kazi ileile, na usome joto kwa programu ya GPU-Z. Likishuka kwa nyuzi tano au zaidi, basi kasha lako halipitishi hewa ya kutosha na kadi yenyewe huenda haina kosa. Lisiposhuka, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, toa kadi, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini na blowa, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi na upepo wa blowa beringi zake huumia. Mimi nilikuta vumbi limegandamana kati ya feni na mapezi ya alumini kama kipande cha blanketi, na kulitoa peke yake kulinipunguzia nyuzi sita.

Pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipozeo (kile chenye mapezi ya alumini na feni), ndiyo hatua inayofuata. Iendeshe kadi dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na uchomoe tena. Legeza skrubu nne zinazozunguka chipu kidogokidogo kwa mshazari, na unapoinua kipozeo kizungushe taratibu badala ya kukivuta, ukikumbuka kwamba waya wa feni bado umeshikamana na bodi. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Chipu ya kadi haina kifuniko cha chuma, kwa hiyo pesti lazima ienee juu yake yote, hata pembeni. Dawa ya meno, ambayo baadhi ya watu huisifu, hukauka baada ya siku chache na kukurudisha ulipoanzia.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye pedi, zile laini zinazokaa juu ya memori ili kupeleka joto lake kwenye kipozeo, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilinigharimu wiki nzima. Za zamani zilikuwa zimechanika. Nikanunua za milimita 2 bila kupima, nikiamini kwamba pedi nene itashika vizuri zaidi. Joto likapanda hadi nyuzi 93. Nilibadilisha pesti mara mbili, nikilaumu ubora wake, hadi nilipofungua mara ya tatu na kuona kwamba pesti ilikuwa imeguswa upande mmoja tu: pedi zilikuwa zimekiinua kipozeo, na chipu ilibaki na pengo juu yake. Nilipopima mabaki ya zile za awali kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, nilipata milimita 1. Nikaweka za unene huo, na tangu hapo kadi haijavuka nyuzi 72 kwa kazi ileile. Kwa hiyo pima kila pedi mahali pake, maana kadi moja inaweza kuwa na unene wa aina mbili.

Ukiwa bado unatafuta vifaa, tumia programu ya MSI Afterburner, ambayo hailipiwi, kushusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80. Utapoteza kasi kidogo, lakini kadi itapumua. Naomba uniandikie joto ulilolipata ubavu ukiwa wazi, na kama feni zote mbili zinazunguka.