Usisubiri msiba ndipo uitafute jumuiya

Nilipohamia Dar es Salaam kutoka Songea, nilikaa miaka minne bila jumuiya, yaani kile kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Kusali sikuacha. Kila Jumapili nilikuwa Misa ya kwanza, benchi la nyuma karibu na mlango, na baada ya baraka ya mwisho nilikuwa wa kwanza kufika kituo cha daladala. Jioni nilisoma Injili ya siku chumbani kwangu. Sala zile zilikuwa za kweli, sizikani hata leo.

Sababu ya kujitenga nilikuwa nayo. Katika parokia moja niliyowahi kusali, majina ya wasiomaliza mchango yalisomwa mbele za watu, na langu lilikuwamo. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikasema jumuiya basi.

Kisha mdogo wangu akafariki. Simu iliingia saa moja usiku, na basi la Songea ni la alfajiri. Nilipiga magoti kama nilivyozoea, nikaanza "Salamu Maria, umejaa neema", nikakwama hapo. Maneno niliyoyajua tangu utotoni yalikataa kutoka.

Jirani yangu, fundi cherehani, alisikia kilio. Saa tatu alibisha hodi akiwa na watu sita wa jumuiya yake na chupa ya chai. Hakuna aliyeniuliza kadi ya zaka. Waliwasha mshumaa juu ya stuli, wakaanza Rozari. Mnajua inavyosaliwa: mmoja anatangulia na nusu ya kwanza, waliobaki wanapokea. Makumi mawili ya mwanzo, yaani Salamu Maria kumi kumi za mafumbo mawili ya kwanza, sikufungua mdomo. Walinipokelea wao, watu nisiowajua hata majina: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu". Kwenye fumbo la tatu nikajisikia napokea nao, sauti imekauka.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesalia chumbani, nakusihi utafute watu wa kukupokelea kabla hujakwama. Ukihamia mtaa mpya, muulize jirani wanasali wapi Jumamosi. Kwetu tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, kila mtu anasema neno lililomgusa, na saa mbili haijafika watu wameshaelekea kazini. Siku ya kwanza taja jina lako na unakotoka. Ya pili, omba kusoma somo au kupanga viti, maana mwenye kazi asipoonekana ataulizwa. Barua ya utambulisho kutoka parokia yako ya zamani ilete mapema. Usingoje mpaka siku ya kubatiza mtoto ndipo uanze kuhangaika.

Na kuhusu michango, mwone mwenyekiti faragha umweleze hali ya mfuko wako ilivyo. Kiongozi anayesoma majina ya wasio nacho anakosea, na aambiwe hivyo kwa heshima. Mimi niliondoka kimya. Natamani ningesema.

Miaka ya 1970, maaskofu wa nchi zetu kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi. Lakini udogo wake usikudanganye. Somo wa jumuiya yetu, yaani mtakatifu msimamizi wake, ni Mtakatifu Josefina Bakhita, mzaliwa wa Darfur. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akabatizwa Italia mwaka 1890, akafia hukohuko mwaka 1947. Kila tarehe 8 Februari tunapika pilau katika ua wa mmoja wetu na kuomba maombezi yake, na fundi cherehani humwita "dada yetu" kama anayemtaja mtu wa nyumba ya pili. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachotamka katika Kanuni ya Imani ninaposema nasadiki ushirika wa watakatifu, kwamba sisi na waliotutangulia mbinguni tu familia moja.

Chumbani bado nasali peke yangu kila asubuhi. Tofauti ni kwamba sasa nina majina ya kuombea: mgonjwa wa nyumba ya kona, kijana anayetafuta kazi, mama aliyefiwa wiki jana.

Kesho zamu ni yangu. Viti vitatu vimepungua, na nimeshaenda kuviazima kwa fundi cherehani.