Hicho kichaka, anza na majani
Pole mkuu, kuhamia nyumba ukakuta bustani imejaa vichaka huvijui hata kimoja inachanganya kweli. Ukitaka kujua kichaka ni cha aina gani, ua peke yake linadanganya, anza na majani, yanatoka mawili mawili yakitazamana, au moja huku moja kule, au matatu yamezunguka sehemu moja? Hapo tu kazi imepungua sana. Sasa hicho ulichosema kina vimaua vya njano katikati na pinki pembeni kwenye kishada kimoja, pitisha vidole kwenye kitawi kichanga, kikiwa na pembe nne, kinakwaruza, na jani ukilifikicha linatoa harufu kali, mi nahisi ni lantana, kichaka chenye sumu. Vitunda vyake watoto wasile, hasa vibichi, na mifugo isisogee kabisa. Gome linasaidia zaidi kwa vichaka vilivyokomaa, ila ukikwangua ukaona utomvu mweupe acha hapo hapo, usijiguse macho, nawa na sabuni. Apu za simu sawa, jaribu, ila usiziamini peke yake, peleka kitawi chenye majani na maua kwa bwana shamba au watu wa kitalu wakithibitishe. Na kama mtoto ameshakula kitu usisubiri majibu yetu, hospitali haraka, beba na kitawi.